Haki ya Mgonjwa: Imani na Maradhi katika Mila za Waswahili wa Pwani

Miongoni mwa Waswahili wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa, Unguja na Pemba, ambao karibu wote ni Waislamu, maradhi yanapoingia nyumbani huamsha wajibu wa ukoo, wa majirani na wa msikiti kwa pamoja. Itikadi zinazomtuliza mgonjwa zinafahamika vyema: kwamba maradhi ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, kwamba humfutia dhambi anayeyavumilia, na kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila dawa yake. Itikadi hizo zina uzito wake, lakini ukitazama mila zenyewe kwa makini utaona kwamba msaada mkubwa zaidi wa dini umo katika kazi wanazopewa watu wanaomzunguka mgonjwa, kwa kuwa kila mmoja wao, mkubwa kwa mdogo, hupata jambo la kumfanyia.

Kazi ya kwanza ni kumzuru mgonjwa, ambayo dini imeihesabu kuwa haki yake juu ya Mwislamu mwenzake, hivyo kwamba asiyekwenda hulaumiwa hata kama baina yao kuna ugomvi wa zamani, na si mara chache ugomvi huo ukamalizikia hapo hapo kitandani. Mgeni hakai muda mrefu. Humpa mkono, humwombea kwa kusema “Mungu akuafu”, yaani Mungu akuondolee maradhi, naye mgonjwa, hata akiwa taabani, hujitahidi kujibu “alhamdulillahi”. Jibu hilo fupi lina maana kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu humwezesha mtu aliyelala hoi kuendelea kuwa mwenyeji na mwenye adabu zake mbele ya wageni, wakati ambapo mwili umekwisha kumnyang’anya mengine yote. Pamoja na dua huja uji, chakula cha wauguzaji na fedha kidogo zinazokabidhiwa kimya kimya, kwani nyumba yenye mgonjwa huwa imepungukiwa na mikono ya kufanya kazi pamoja na pato.

Kazi ya pili ni kusoma. Mgonjwa husomewa Yasini, sura ya 36 ya Kurani yenye aya 83, na maradhi yakirefuka huenda ikasomwa hitma, yaani Kurani nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa msahafu umegawanywa katika juzuu 30, wasomaji hugawiana juzuu hizo, kila mmoja akasoma sehemu yake kwa wakati mmoja na wenzake, na kitabu kizima kikamalizika katika kikao kimoja. Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa heshima, kwa maana jirani asiye na dawa wala fedha ya kutoa anayo juzuu moja ya kusoma, na mtoto wa chuoni aliyehitimu huketi safu moja na wazee.

Lipo pia kombe, ambalo ni aya zilizoandikwa kwa zafarani iliyoyeyushwa katika marashi ndani ya sahani nyeupe, kisha zikasuuzwa kwa maji ambayo mgonjwa huyanywa. Wanaofuata msimamo wa Answari Suna, yaani Waislamu wa mwelekeo wa mageuzi, hulipinga, pamoja na hitma, kwa kuviita bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, wakati wengine huviona kuwa ni kujikurubisha kwa maneno ya Mungu. Hata hivyo kumzuru mgonjwa na kumwombea dua hakupingwi na upande wowote, na wengi wanywao kombe humeza na vidonge vya hospitali bila kuona mgongano, kwa kuwa katika fikra zao tabibu ni sababu tu, na mponyaji ni Mungu.

Mgonjwa mwenyewe naye ana kazi yake, na mfano wa kale ulioandikwa ni wa Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye mnamo mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi wa wasia akiwa mgonjwa, na humo anaeleza kwamba maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Mwanamke huyo hakuishia katika kulalamika wala kusubiri. Aliutumia ugonjwa kupanga aliyotaka mwanawe ayarithi, kisha akaomba dua ndefu kwa ajili yake mwenyewe na jamaa zake. Hiyo ndiyo subira kama Waswahili waliosoma walivyoifahamu, ambayo ndani yake mna kazi.

Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha subira inapogeuzwa kuwa amri ya kunyamaza, hasa kwa wanawake, ambao ndio wanaobeba uuguzaji mchana na usiku na ambao huambiwa wavumilie pale walipostahili kupokewa zamu. Na kuna maradhi ambayo mila hizi zote hazijayafikia vizuri. Kifafa, ugonjwa wa akili na UKIMWI mara nyingi hufichwa kwa kuogopa aibu, au husemwa kuwa ni kazi ya majini, na mgonjwa akazungushwa kwa waganga hata wakati wa kutibika ukapita. Mlango ukifungwa kwa ajili ya siri, daktari hafiki, na mwenye kusoma Yasini hafiki vilevile, kwani msikiti hauwezi kumwombea mtu ambaye haujaambiwa kuwa anaumwa. Haki ya kuzuriwa haikuwekewa orodha ya maradhi yenye heshima na yasiyo na heshima, na wanazuoni wanaolitamka hilo waziwazi katika hotuba za Ijumaa wanawarudishia wagonjwa hao kitu ambacho dini ilikuwa imekwisha kuwapa.