Mwananchi na Utafiti juu ya Watumishi wa Umma

Kila unapofanywa utafiti juu ya usimamizi wa watumishi wa Serikali, husemwa kwamba wananchi nao wakaribishwe kutoa maoni. Kada atakayepewa kazi ya kuyakusanya maoni hayo Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju hana budi kwanza ajiulize: mwananchi anajua nini ambacho afisa utumishi hakijui? Wako wanaodhani hajui lolote, anaitwa kwa heshima tu. Hiyo ni fikra ya kirasimu.

Tuchukue mfano. Mwezi Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa wawasake watumishi hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila ya kuwapo watu kazini. Majina zaidi ya 19,000 yaliondolewa. Katika orodha ya mishahara jina la mtumishi hewa halina tofauti na jina la mtumishi halisi, na anayeisoma orodha hiyo ofisini hawezi kuyatenganisha. Lakini mzazi anajua ni walimu wangapi wanaoingia darasani, na mama aliyepanga foleni zahanati tangu alfajiri anajua mganga amefika saa ngapi.

Ujuzi huo una mipaka yake, nasi tusiutukuze kupita kiasi. Uhakiki wa vyeti, ulioibua watumishi zaidi ya 9,900 mwezi Aprili 2017, ulihitaji kumbukumbu za mitihani. Mwananchi asingeweza kuufanya. Kwa hiyo aulizwe anayoyaona: mahudhurio, lugha anayojibiwa, siku alizozungushwa, na kama aliombwa chochote.

Utaratibu wa upimaji ulioanzishwa mwaka 2004, uliojulikana kwa jina la OPRAS, ulimtaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo, kisha wapimane. Watu wawili ndani ya chumba. Anayehudumiwa yuko nje, benchini. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kukataza viongozi kuwa na majivuno na kuwadharau watu, na wafanyakazi wa viwanda wa Dar es Salaam waliutumia kuwashitaki mameneja wao. Waliokuwa chini walikuwa na la kusema juu ya waliowasimamia, mara tu walipopata pa kulisemea.

Hapa ndipo penye ukinzani ambao watafiti wengi hupita kando yake. Mwenyekiti wa Mtaa huchaguliwa na wakazi, lakini Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa wa Halmashauri, naye ndiye katibu wa mkutano. Maana yake mtumishi anaandika kumbukumbu za kikao kinachomjadili yeye na wenzake. Kesho mwananchi yule yule atamwendea kuomba barua ya utambulisho. Nani atasema kweli mbele yake? Basi maoni yachukuliwe na mtu asiye wa Halmashauri hiyo, bila kuandika jina la msemaji, na Mtendaji asiwepo.

Saa nayo ni siasa. Wakazi wengi wa pembezoni huondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda Kariakoo na mjini, wakarejea usiku. Mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi utawapata wazee na wapambe. Uitishwe Jumapili jioni, na wanawake wafuatwe sokoni na kliniki.

Mwisho, majibu yarudi kwa waliotoa maoni. Mwezi Januari 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, yakajadiliwa nchini kwa takriban mwaka mzima. Hati ya Haki za Binadamu haikuwa miongoni mwa mapendekezo hayo. Ilidaiwa katika mjadala, ikaingizwa katika Katiba mwaka 1984. Waliodai waliona dai lao limefika wapi. Mkazi wa Chamazi aliyesema kwamba zahanati hufunguliwa saa tatu naye asomewe, katika mkutano wa mtaa wake, neno lake limeandikwa ukurasa gani na nani amepewa kulishughulikia. Likikataliwa, aelezwe sababu.