Je, Wajua? Safari ya Juba hadi Shaolin

Hekalu la Shaolin, chimbuko la kung-fu ya watawa wa Kibuddha, lilianzishwa mwaka 495 kwenye milima ya Song, wilayani Dengfeng, jimbo la Henan, China. Anayetoka Juba huweza kuunganisha ndege Addis Ababa hadi Beijing au Guangzhou, akapanda treni ya mwendokasi hadi Zhengzhou na kumalizia kwa basi. Wageni wengi hawajifunzi kung-fu hekaluni bali katika shule za jirani. Mojawapo, Shule ya Tagou, iliyoanzishwa mwaka 1978, ina makumi ya maelfu ya wanafunzi wa bweni. Anayeanza hufundishwa kwanza kunyoosha viungo, kusimama imara na kupiga hatua. Fimbo, upanga na mkuki hufuata baadaye.