Turathi za Lamu Zilindwe Kabla ya Leseni ya Mradi Kutolewa

Mradi mkubwa unapotangazwa katika Kaunti ya Lamu, maswali ya kwanza barazani huwa ni ya ajira, fidia na bei ya ardhi. Ni maswali ya haki. Lakini liko swali jingine ambalo mara nyingi huulizwa tingatinga likiwa tayari limeingia shambani: katika ardhi hii waliotangulia waliacha nini?

Mti uliokatwa kimakosa unaweza kupandwa mwingine. Kaburi la kale likivunjwa, au udongo wenye vigae na misingi ya nyumba ukichotwa na kupakiwa kwenye lori, hakuna fidia itakayourudisha. Kwa sababu hiyo, suala la turathi linapaswa kujibiwa wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, kabla ya leseni kutolewa.

Turathi ni zipi?

Wengi wakisikia neno turathi hufikiria Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Ngome ya Siyu au magofu ya Takwa kisiwani Manda. Hizo zinaonekana kwa macho. Nyingi hazionekani. Huko Shanga, kisiwani Pate, wataalamu wa akiolojia walichimba chini ya msikiti wa mawe wakakuta misikiti mingine iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali palepale, ya mwanzo ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Aliyepita juu ya ardhi hiyo kabla ya uchimbaji asingejua.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda majengo ya kihistoria, maeneo ya kale, makaburi na vifaa vya zamani. Hata mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Turathi pia ni mambo ambayo watu bado wanayafanya: ziara za makaburi, ujenzi wa majahazi, uvuvi wa asili na njia za bahari zinazotumiwa na wavuvi.

Tathmini hufanywaje?

Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, mwenye mradi unaoweza kuathiri mazingira kwa kiwango kikubwa hana ruhusa ya kuanza kazi bila leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Anatakiwa kuajiri mtaalamu aliyesajiliwa na mamlaka hiyo ili achunguze athari na kuandika ripoti. Kanuni za mwaka 2003 zinataka ifanyike mikutano isiyopungua mitatu na jamii zitakazoathirika. Ripoti ikikamilika, NEMA hutoa tangazo ili umma utoe maoni katika muda uliotajwa.

Panapokuwa na dalili za turathi, uchunguzi mzuri hupitia hatua hizi. Kwanza, wataalamu husoma kumbukumbu na ramani za eneo, na kuwauliza wazee. Pili, hutembea ardhi yote hatua kwa hatua wakitafuta vigae, shanga, misingi ya kuta, visima na makaburi. Tatu, huchimba mashimo madogo ya majaribio. Kila kilichopatikana huandikwa na kutiwa kwenye ramani.

Kisha huamuliwa la kufanya. Uamuzi ulio bora ni kuepuka: barabara kupindishwa au jengo kusogezwa. Hilo ni rahisi mradi ukiwa bado uko kwenye karatasi, na ghali sana mitambo ikishaletwa. Pasipowezekana kuepuka, eneo huzungushiwa ua na kuachiwa nafasi ya kutosha. Njia ya mwisho ni wataalamu wenye kibali kuchimbua na kuhifadhi vilivyomo kabla ujenzi kuanza. Huitwa ya mwisho kwa kuwa mahali palipochimbuliwa hapawezi kuchimbuliwa tena.

Funzo kutoka Lamu

Kaunti hii ina mifano yake yenyewe. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyohusu bandari mpya ya Lamu chini ya mradi wa LAPSSET. Iliamua kwamba haki za wakazi, zikiwemo haki ya utamaduni na haki ya kupata habari, zilikiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Kesi za Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo.

Kesi hizo hazikusema maendeleo yasije. Zilionyesha kwamba mradi unaoruka hatua za mwanzo huwagharimu wote, mwekezaji na mwananchi.

Mkazi afanye nini?

Ahudhurie mikutano ya mradi na kutaja mahali kwa jina: kisima fulani, kaburi fulani, mti fulani na matumizi yake. Kusema tu kwamba eneo ni la kihistoria hakumsaidii mtaalamu kuchora ramani. Ahakikishe maoni yake yameandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na asiyeweza kufika apeleke barua kwa NEMA.

Asome ripoti, au aombe asomewe, na kuangalia kama pale alipopataja pamo. Pasipokuwamo, aseme kabla muda wa maoni kwisha. Asiyeridhika na uamuzi wa leseni anaweza kukata rufaa kwa Jopo hilo ndani ya siku 60.

Kazi ikiwa imeanza na kukatokea mifupa, vigae vingi, sarafu au kuta zilizofukiwa, kazi isimame mahali hapo. Vitu viachwe vilipo na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yaarifiwe. Sheria inamtaka aliyegundua atoe taarifa katika muda wa siku saba. Kuhamisha vitu hivyo bila kibali ni kosa, na hata bila sheria ni hasara, kwa sababu kigae kilichotolewa mahali pake hakiwezi tena kueleza ni nani aliyekitumia wala lini.

Anayejua zaidi kuhusu ardhi ya Lamu mara nyingi si mtaalamu aliyetoka mbali na vifaa vyake. Ni bibi anayekumbuka pale mamake alipokatazwa kulima, au mvuvi anayejua nyavu hunasa wapi. Wanayoyajua hayo yana nguvu kubwa zaidi yakisemwa mapema na kuandikwa kwenye ripoti.