Mjenzi Mchina, Mgeni Mzungu

Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa China. Kwa zaidi ya nusu karne ndio uwanja mkuu wa Unguja. Hapo mara nyingi huadhimishwa sikukuu ya Mapinduzi, Januari 12, na hapo Simba ya Dar es Salaam ilicheza mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco Mei 2025. Ulipofika wakati wa kuufumua na kuujenga upya, kazi iliyokamilika Desemba 2023, haikwenda kwa Wachina wala kwa Wazungu. Waliopewa ni Orkun Group ya Uturuki. Lakini barabara ya juu ya Amani, jirani na uwanja huo, iko mikononi mwa CCECC ya China, mkandarasi yuleyule wa barabara ya juu ya Mwanakwerekwe na wa barabara nyingi mpya za ndani ya mji.

Hivi ndivyo biashara ya ujenzi ilivyo Zanzibar leo. Mkandarasi wa Kichina yuko karibu kila mahali, Mturuki anamkaba, Mwarabu wa Ghuba anashika uendeshaji, na Mzungu, aliyekuwa mtawala na kisha mfadhili, ameingia kwenye foleni ya wazabuni kama wengine. Hajaondoka. Yeye ndiye anayelala kwenye hoteli za Nungwi na Paje, na fedha zake ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya uchumi wa kisiwa. Kilichobadilika ni kiti anachokalia.

Kiti hicho kilianza kusogezwa mapema. Uingereza iliondoka Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye serikali iliyoachwa ikapinduliwa. China ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali mpya, huku London na Washington zikisitasita. Abdulrahman Babu, waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyo, alikuwa ameshafika China kabla ya uhuru na alikuwa mwandishi wa shirika la habari la Xinhua, kwa hiyo njia ya Beijing haikuwa ngeni kwake. Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu, kilichojengwa kwa ajili ya safari za Mercury. Mwaka huohuo wa 1964 kikafungwa. Mwaka huohuo pia madaktari wa kwanza wa Kichina wakawasili, na tangu hapo mkoa wa Jiangsu umekuwa ukileta timu moja baada ya nyingine Unguja na Pemba. Ujerumani Mashariki ikaja na majumba ya Kikwajuni na Michenzani, na kuwepo kwa wawakilishi wake visiwani kuliifanya Ujerumani Magharibi igombane na Mwalimu Nyerere. Zanzibar ilikuwa inachagua marafiki katika dunia ya kambi mbili, na kila chaguo lilikuwa na gharama yake.

Si kila kilichojengwa enzi hizo kilidumu vizuri. Kiwanda cha sukari cha Mahonda, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, kilikuja kudorora mpaka kikapelekwa kwa mwekezaji binafsi. Msaada ulileta mitambo, lakini vipuri na fedha za kuiendesha vilikuwa mzigo wa mwenyeji.

CCECC yenyewe ina historia inayoanzia upande wa pili wa bahari. Katikati ya miaka ya 1960, Tanzania na Zambia ziliomba fedha za kujenga reli ya kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilijibu kwamba reli hiyo haitalipa. China ikakubali, ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na kilomita 1,860 za TAZARA zikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kutoka idara ya Wizara ya Reli ya China iliyosimamia misaada ya nje ndipo ilipozaliwa CCECC mwaka 1979, ikiwa kampuni ya kutafuta kandarasi kwa faida. Leo ndiyo iliyochukua jukumu la kuifufua TAZARA kwa mpango wa dola bilioni 1.4. Kampuni iliyojifunza Afrika kwa kazi ya msaada imekuwa mshindani ambaye wakandarasi wa Ulaya wanapata shida kumfikia kwa bei na kwa kasi.

Nchi za Magharibi zilikataa reli moja, na kukataa huko kuliwafungulia Wachina skuli ya kujifunzia kazi katika bara zima. Sasa Marekani na Umoja wa Ulaya zinaweka fedha katika reli ya Lobito, inayoanzia pwani ya Angola kuelekea migodi ya Kongo na Zambia kubeba shaba ileile ambayo TAZARA ilijengwa kuibeba. Rais Joe Biden alikwenda Angola mwenyewe Desemba 2024 kuipigia debe. Takriban miaka sitini baadaye, reli imekuwa biashara inayofaa.

Unguja, mahali pa kuuona mpangilio huu mpya kwa ukamilifu ni jengo la tatu la abiria katika Kiwanja cha Ndege cha Abeid Amani Karume. Limejengwa na Beijing Construction Engineering Group kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, ambao awali ulikuwa dola milioni 70.4. Kazi ilianza mwaka 2011, ikakwama, michoro ikabadilishwa, fedha zikaongezwa, na abiria wakaanza kulitumia mwaka 2021. Kuliendesha wakapewa dnata ya Dubai na washirika wake. Na wanaoteremka hapo ni nani? Waitaliano, Wapoland, Wajerumani, Wafaransa, Waingereza.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 730,000, na wengi wao walitoka Ulaya. Utalii unakadiriwa kuchangia takriban asilimia 30 ya pato la visiwa. Kwa hiyo mkopo wa Beijing unalipwa na serikali ambayo hazina yake inategemea kwa sehemu kubwa likizo za familia za Milano na Warsaw. Msimu wa Ulaya ukiyumba, kama ulivyoyumba wakati wa korona, deni la China haliyumbi nao. Hatari hiyo ni ya Mzanzibari peke yake, na inastahili kusemwa kila mkataba mpya unapotiwa saini.

Bandarini picha imegeuka upande wa pili. Gati la Malindi lilijengwa upya kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na tangu 2023 shughuli zake ziko chini ya Africa Global Logistics, kampuni iliyotoka katika kundi la Bolloré la Ufaransa kabla ya kununuliwa na MSC, kampuni ya meli yenye makao Geneva. Lakini fungua kontena uone kilichomo: simu za Tecno na itel zinazomilikiwa na Transsion ya Shenzhen, pikipiki, betri, sola, mikoba, viatu, vyombo vya plastiki, milango ya chuma. Mzungu anashusha, Mchina ameuza.

Wafanyabiashara wa soko la Darajani, mjini Unguja, hawakusubiri serikali iwafungulie njia. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, Wazanzibari walipanda ndege kwenda Dubai kununua vitambaa, redio na friji. Baadaye wakagundua kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa Dubai umetoka China, wakaamua kumfuata mwenye mali. Guangzhou na Yiwu zikawa miji inayotajwa barazani kama zamani Bombay na Maskati. Mtu asiye na mtaji wa kontena zima huchangia na wenzake kupitia wakala, kila mmoja akilipia ujazo wa mzigo wake. Ndivyo akina mama wengi wenye maduka ya nguo na vyombo walivyoweza kuingia katika biashara ya kimataifa bila kuomba mkopo wa benki.

Siku hizi njia hiyo inawabana. Mchina aliyekuwa muuzaji wa jumla kule kwao amehamia huku. Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wenye maduka wengi wa visiwani hujaziliza bidhaa, wafanyabiashara wamelalamika kwa miaka kwamba wageni wanauza rejareja hadi mlangoni mwa mwenyeji. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kutengeneza simu na uwakala wa fedha za simu. Mwezi uliofuata, Ubungo, kikafunguliwa kituo kikubwa cha biashara kilichojengwa na wawekezaji wa Kichina, chenye maduka zaidi ya 2,000. Marufuku na kituo hicho vimekuja kwa pamoja, na mwenye duka dogo la Mlandege au Darajani ana haki ya kuuliza nafasi yake iko wapi katika hesabu hiyo.

Katika vifaa vya ujenzi mabadiliko ni makubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Zamani mwenye uwezo alijisifia vigae vya sakafu kutoka Italia au Hispania. Leo tailizi nyingi zinazobandikwa Unguja zinatoka Chalinze na Mkuranga, katika viwanda vya Twyford na Goodwill vilivyowekwa na Wachina kwenye udongo wa mkoa wa Pwani. Hata Fumba, ambako kampuni ya CPS yenye uongozi wa Kijerumani imekuwa ikijenga mji mpya na kuuza nyumba kwa Wazanzibari wa ughaibuni na kwa Wazungu wanaotafuta makazi ya pwani, eneo limezungukwa na soko ambalo bei yake inapangwa na viwanda vya Kichina. Mjerumani anauza mji na mtindo wa maisha, Mchina anauza sakafu. Faida ya Mjerumani kwa nyumba moja ni kubwa. Ya Mchina inahesabiwa kwa maelfu ya nyumba.

Hospitalini, kinyume na unavyoweza kutarajia, mataifa haya yanafanya kazi bega kwa bega. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kuna timu ya Jiangsu, kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichoanzishwa na taasisi ya NED ya Hispania, na kuna ushirikiano wa muda mrefu na hospitali ya Haukeland ya Bergen, Norway. Vita dhidi ya kichocho ilipiganwa na watafiti wa Uswisi na London, kisha, kwa makubaliano ya 2014 kati ya Zanzibar, China na Shirika la Afya Duniani, wataalamu wa Jiangsu wakaja Pemba kuwasaka konokono wanaobeba ugonjwa huo. Mafanikio dhidi ya malaria yalibebwa kwa miaka mingi na fedha za Marekani. USAID ilipofungwa mwaka 2025, pengo lililobaki halikujazwa na Mchina mara moja. Nguvu yake haijawa ya kuziba kila nafasi inayoachwa wazi, na wanaopanga bajeti za afya wanalijua hilo kwa uchungu.

Nchi za Magharibi nazo zimebadilisha mbinu. Uingereza, kupitia UK Export Finance, sasa inadhamini mikopo ya barabara ya Tunguu hadi Makunduchi, ya Chake Chake hadi Mkoani, na uboreshaji wa Kiwanja cha Ndege cha Pemba, kwa sharti kwamba sehemu ya manunuzi itoke Uingereza. Ni utaratibu uleule ambao Benki ya Exim ya China imeutumia kwa miaka: chukua mkopo, nunua kwetu. Umoja wa Ulaya ulitangaza mpango wa Global Gateway mwaka 2021 kwa ahadi ya euro bilioni 300 duniani kote, na Xi Jinping aliahidi Afrika yuan bilioni 360 kwa miaka mitatu katika mkutano wa Beijing wa Septemba 2024. Mashariki na Magharibi zimeanza kuuza bidhaa moja. Tofauti iliyobaki ni riba, muda, kasi ya kazi, na nani atalipwa kwanza mambo yakiharibika.

Hapo ndipo mwenyeji anapotakiwa kuwa makini kuliko wote, kwa sababu tofauti hizo zimefichwa ndani ya mikataba. Mpango wa bandari ya Bagamoyo na kampuni ya China Merchants ulisimama baada ya Rais Magufuli mwaka 2019 kuyapinga hadharani masharti yake, ikiwemo kuikodisha ardhi kwa miaka 99. Mkataba wa DP World ya Dubai katika bandari ya Dar es Salaam ulizua mjadala mkali mwaka 2023 mara tu maandishi yake yalipofika kwa wananchi. Katika visa vyote viwili, uzito wa mjadala ulikuwa kwenye vifungu kuliko bendera ya mwekezaji. Zanzibar inaingia mikataba mingi ya viwanja, barabara, bandari na visiwa vidogo, na wananchi wake husikia zaidi habari za kukata utepe kuliko ratiba ya malipo. Baraza la Wawakilishi lina uwezo wa kudai ratiba hizo zisomwe, na litautumia ikiwa wapiga kura watauliza.

Upande wa mauzo ndiko Zanzibar inakoweza kunufaika mapema. Tangu Desemba 1, 2024, bidhaa za Tanzania, kama za nchi nyingine maskini zenye uhusiano na Beijing, zinaingia China bila ushuru. Utalii nao unatafutiwa soko hilo: filamu ya Amazing Tanzania, ambamo wanaonekana Rais Samia wa Tanzania na Rais Mwinyi wa Zanzibar, ilizinduliwa Beijing mwaka 2024. Lakini zao la kulitazama zaidi ni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na maelfu ya wakulima wake, wengi wao wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vya Pemba, waliuza kwa miongo kupitia mawakala wa kampuni za Marekani na Denmark zilizokuwa zikitengeneza karajini ya kugandishia vyakula na dawa ya meno. Leo China ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa karajini duniani, na viwanda vyake vya Fujian na Shanghai vinahitaji malighafi. Mkulima wa Jambiani amepata wanunuzi wa pande mbili, ila bado anauza majani makavu kwa kilo, kwa bei anayotajiwa. Serikali imeunda kampuni ya ZASCO na kuweka kiwanda Chamanangwe, Pemba, ili mwani usindikwe kabla ya kupanda meli. Kiwanda hicho kikipata umeme wa uhakika, mtaji wa kununua mwani kwa fedha taslimu na mafundi waliosomeshwa kazi hiyo, muuzaji wa Pemba ataweza kuomba bei Copenhagen na Shanghai katika wiki hiyohiyo moja, na kumuuzia aliyetoa zaidi.