Inuka, Nikuone

Ngazi ya matatu ya nambari 46, ya Kawangware, iko juu kidogo, na mtoto wa chekechea huirukia bila kufikiri. Lakini yupo yule wa miaka mitano anayeshika mlango kwa mikono miwili na kujivuta, makanga akigonga bodi kwa papara. Mama atakwambia kijana wake ni mzito tu, tena ana nguvu: huoni mashavu ya miguu yalivyojaa?

Kujaa huko kwaweza kuwa ndiyo habari yenyewe. Ugonjwa wa Duchenne humpata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa. Jeni yenye hitilafu huunyima mwili protini ya distrofini. Misuli huchakaa, mafuta na makovu yakachukua nafasi yake. Wengi huacha kutembea kabla ya miaka 13.

Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne mwenyewe, miaka ya 1860, alibuni sindano ya kunyofoa vipande vya msuli. Sayansi ilifaidika, watoto, nadhani, hawakumshukuru. Mwaka 1879 Mwingereza William Gowers akaeleza ishara isiyohitaji chuma chochote. Mketishe mtoto sakafuni, mwambie ainuke. Mwenye nyonga dhaifu hugeuka kifudifudi, huinua makalio, kisha huyapanda mapaja yake kwa mikono kama anayekwea mparachichi wa jirani. Ningependa kuinuka huko kuwe desturi ya kila kliniki, kuanzia Kangemi hadi mjini, kama ilivyo kupanda mizani.

Kisha kuna altrasaundi, ileile ambayo akina mama waliizoea wakiwa wajawazito. Mwaka 1980, jijini London, madaktari Heckmatt na Dubowitz walionyesha kwamba inaweza kusoma ugonjwa ndani ya paja la mtoto. Msuli mzima huonekana mweusi, na mfupa chini yake hung'aa kama uzi. Msuli mgonjwa huwa mweupe, kama ukungu wa Limuru asubuhi, hadi mfupa upotee. Mtoto hahisi ila ubaridi wa jeli, na wengine hucheka kwa kutekenywa. Mashine ya MRI huona zaidi, lakini hudai utulivu ambao mtoto mdogo mara nyingi huupata kwa dawa ya usingizi tu.

Altrasaundi ina mipaka: mwanzoni mwa ugonjwa picha yaweza kudanganya, na jicho lisilozoea misuli halitatambua kitu. Damu bado itatolewa, ya kupima kimeng'enya cha CK na jeni. Hapa pana mtego: vipimo viwili vya ini, ALT na AST, hupanda pia msuli unapoharibika, na mtoto akatibiwa ini lisilo na kosa.

Anayeanza dawa za steroidi mapema hutembea kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mwezi mmoja wa kusubiri si kitu kidogo. Mama ana simu. Amrekodi mwanawe akiinuka mkekani nyumbani, kwa sababu mbele ya koti jeupe la daktari huenda akagoma kuketi kabisa.