CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE
Namna ya kumtia moyo mfanyakazi

Tuseme una mashua yako pale Nyamisati. Umenunua nyavu, umefunga mashine, umepata mabaharia watano. Mwezi wa kwanza wanatoka alfajiri kwenda kuvua. Mwezi wa pili wanachelewa. Mwezi wa tatu wawili wamehamia kwa tajiri mwingine, na nyavu zimechanika wala hapana aliyekwambia. Unalalamika, "Ah, vijana wa siku hizi wavivu!"

Je, kweli ni uvivu?

Kinachomfanya mtu afanye kazi kwa moyo, hata mwenye mali asipokuwapo, huitwa motisha. Makampuni makubwa huitafuta motisha kwa njia nyingi. Lakini wavuvi wa pwani yetu wanayo njia yao ya tangu zamani. Tuanze na hiyo.

Fungu la mvuvi

Mvuvi wa delta ya Rufiji mara nyingi halipwi mshahara wa mwezi. Hupewa fungu. Samaki au kamba wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Nahodha hupata zaidi ya wenzake. Kila mahali pana kawaida yake, lakini tufanye hesabu hii kwa mfano.

Mauzo ya leo ni sh. 120,000. Gharama ni sh. 30,000. Zinabaki sh. 90,000. Nusu yake, sh. 45,000, ni ya tajiri. Nusu ya pili ni ya wale watu watano. Nahodha ana mafungu 2, na wengine wanne wana fungu moja moja. Jumla ni mafungu 6. Basi kila fungu ni sh. 7,500.

Kesho wanauza kwa sh. 240,000, na gharama ni zile zile. Zinabaki sh. 210,000. Nusu yake ni sh. 105,000. Gawanya kwa 6, kila fungu ni sh. 17,500.

Umeona? Mauzo yamekuwa mara mbili, lakini fungu limezidi mara mbili. Ndiyo maana mvuvi wa fungu hangoji kuambiwa "amka". Kibarua wa sh. 7,500 kwa siku, samaki wawe wengi au wachache, malipo yake ni yale yale. Aongeze bidii ya nini?

Hata hivyo fungu lina ubaya wake. Siku bahari imechafuka, nyumbani hapana kitu. Tajiri mwenye busara hutoa posho siku hizo, na baharia akiugua humjulia hali. Jambo hilo baharia halisahau.

Siri huua kazi

Sasa tuseme mauzo ni zile sh. 120,000, lakini tajiri anawaambia mabaharia, "Leo tumepata 108,000 tu." Fanya hesabu upya. Kila fungu litakuwa sh. 6,500. Kila mtu amepunjwa sh. 1,000, na nahodha sh. 2,000. Tajiri amejiongezea sh. 6,000.

Lakini bei ya sokoni haifichiki. Habari itawafikia. Tangu siku hiyo samaki wengine watauzwa huko huko majini, na nyavu zikichanika hapana atakayejali. Kwa sh. 6,000 tajiri atapoteza chombo kizima.

Hapa ndipo kisomo chetu kinapofaa. Liwepo daftari la kazi. Liandikwe tarehe, kilo, bei, gharama na fungu la kila mtu. Mmoja wa mabaharia anayejua kusoma alisome kwa sauti mbele ya wenzake. Hesabu ikiwa wazi, moyo hutulia.

Fedha peke yake haitoshi

Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, ili nao washiriki katika mipango ya kazi. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi majivuno na uonevu. Miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma. Wengi hawakudai mshahara tu. Walichoka na matusi na dharau za mameneja.

Basi hata wewe mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kibiti, usimtukane kijana wako mbele ya wateja. Akikosea, mwite pembeni. Akifanya vizuri, msifu mbele za watu. Siku ya Mei Mosi wafanyakazi bora hupewa vyeti na zawadi mbele ya wenzao kwa sababu hiyo hiyo. Muulize pia shauri lake. Yeye ndiye anayeisikia mashine kila siku.

Kisha yapo mambo ambayo si hisani ya tajiri, ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kama saa ya kawaida ni sh. 1,000, ya ziada ni sh. 1,500. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka anastahili likizo ya siku 28 yenye malipo. Usimnyime mtu haki yake kisha ukampa kanga ya sikukuu ukasema umempa motisha.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mfanyakazi akiona kazi ni kwao, atacheza. Akiona ni kwa watu, atakaa pembeni atazame.

Maswali ya kujadili

1. Kijijini kwenu mafungu hugawanywaje? Nani huandika hesabu?
2. Mauzo ni sh. 150,000 na gharama ni sh. 30,000. Kwa mgawo wetu wa juu, kila fungu ni shilingi ngapi?
3. Ulipata kuacha kazi ya mtu? Ni fedha au ni maneno yaliyokuondoa?