Kiitikio na Jibu: Umbo la Maswali katika Madarasa ya Chini ya Shule za Msingi za Musoma, Bunda na Butiama

1.0 Utangulizi

Mwalimu anapouliza swali na darasa zima likaitikia kwa sauti moja, mgeni aliyeketi nyuma ya darasa huondoka akiamini kwamba somo limefana. Makala haya yanahoji imani hiyo. Yanachunguza umbo la maswali yaliyozoeleka katika madarasa ya chini ya shule za msingi za Tanzania, na kueleza kwa nini umbo hilo lina uzito wa pekee mkoani Mara, hususani Musoma, Bunda na Butiama, ambako watoto wengi wa vijijini huanza shule kabla hawajakimudu Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ushiriki wa wanafunzi ni tukio la mkazo na kiimbo tu. Mtoto husikia mahali sauti ya mwalimu inapopanda, akamalizia silabi iliyobaki, bila kulazimika kulijua neno wala maana yake.

Musoma ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana katika mji huo, ilipitisha Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo mengine liliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe ifikapo Novemba 1977 badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa hapo awali. Madarasa yalijaa kwa ghafla. Ili kupata walimu, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa msaada wa masomo ya posta na ya redio. Haiwezi kudaiwa kwamba Azimio ndilo lililozaa mtindo wa kuitikia kwa pamoja, kwa kuwa mtindo huo ni wa zamani zaidi. Hata hivyo, kijana aliyekabidhiwa darasa kubwa kabla ya kuhitimu mafunzo hakuwa na njia nyepesi zaidi ya kulishika. Hali ya namna hiyo ilirudi baada ya ada na michango ya lazima kuondolewa kuanzia Januari 2016, uandikishaji ulipoongezeka tena kwa kasi. Darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 100 si jambo la kushangaza.

2.0 Lugha anazokuja nazo mtoto

Mara ni miongoni mwa mikoa yenye lugha nyingi nchini. Pwani ya ziwa, kuanzia Musoma hadi Bunda, husikika Kikwaya na Kijita. Butiama ni nyumbani kwa Kizanaki. Bunda ina pia Kiikizu, Kisizaki na Kisukuma. Na Wajaluo, ambao makao yao makuu ni Rorya, wamo pia Musoma. Mjini Musoma watoto wengi hukua wakizungumza Kiswahili. Kijijini, mwendo wa saa moja tu kutoka mjini, hali inaweza kuwa tofauti kabisa.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Julius Nyerere, aliyetoka Butiama mwaka 1934 kwenda kuanza shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, takriban kilomita 40 kutoka kwao. Mtoto huyo wa Kizanaki baadaye alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caesar* na *Mabepari wa Venisi*. Mfano huu hutumiwa kuonyesha kwamba lugha ya nyumbani si kizuizi. Lakini husahauliwa kwamba alianza shule akiwa na umri wa miaka kama 12, akalala bwenini, na Kiswahili kikamzunguka mchana na usiku. Mtoto wa leo huanza akiwa na miaka 5 au 6, hukaa darasani saa chache, kisha hurudi nyumbani ambako Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya redio tu.

Tofauti za lugha hizi hazina uzito sawa, na mwalimu anayezijua ana faida. Mtoto wa Kijita, Kizanaki au Kiikizu huja na mfumo wa ngeli kichwani. Anajua, pasipo kufundishwa, kwamba jina hutawala kivumishi na kitenzi. Anachokosa ni viambishi vya Kiswahili na msamiati wake. Mtoto wa Kijaluo, lugha ya Kiniloti isiyo na ngeli za namna hiyo, anajifunza upatanisho wa kisarufi kama jambo jipya kabisa. Katika fonolojia pia kuna mambo ya kuzingatia. Kizanaki na Kiikizu zina irabu 7, ilhali Kiswahili kina 5, kama zilivyo Kijita na Kikwaya. Mtoto anayechanganya *i* na *e* au *u* na *o* katika imla huenda anaandika kwa uaminifu kile ambacho sikio lake limezoea kukitenga. Kosa hilo halistahili kuhesabiwa sawa na la mtoto ambaye hakusikiliza.

3.0 Swali linalojijibu

Katika Kiswahili mkazo huwekwa, isipokuwa katika maneno machache, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sifa hii, ambayo wanafunzi wa isimu huikuta mapema sana katika masomo yao, ndiyo inayobeba mtindo wa kuitikia. Mwalimu husema: “Jua huchomoza upande wa mashariii…?” nalo darasa huitika: “ki!” Husema: “Samaki huishi kwenye maaa…?” nalo huitika: “ji!” Mwalimu amekwisha kutamka silabi yenye mkazo, ameirefusha na kuipandisha. Kilichobaki ni silabi moja hafifu. Kwa hiyo taarifa yote iliyokuwa ndani ya jibu imetolewa na muulizaji, na kazi iliyoachwa kwa mwanafunzi ni ya kimuziki.

Tena kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu asiyejua lolote. Mtoto akichelewa kwa nusu ya pigo, akadaka sauti ya jirani yake, hakuna atakayegundua. Katika darasa la watoto 100, wanaojua wanaweza kuwa 10, nao wakatosha kuwavuta 90. Maswali mengine ya jamii hii ni ya kuthibitisha: “Tumeelewana?” na “Siyo?” Majibu yake ni “Ndiyo, Mwalimu!” hata pale ambapo hakuna kilichoeleweka. Mtoto mgeni wa Kiswahili hujifunza majibu haya ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya hapo anaweza kupita mwaka mzima akihesabiwa miongoni mwa wanaoshiriki.

Tahajia ya Kiswahili huongeza ugumu wa kumtambua. Kwa kuwa kila herufi ina sauti yake karibu daima, mtoto aliyezoezwa silabi anaweza kusoma sentensi kwa sauti pasipo kuielewa. Tathmini ya kitaifa ya stadi za kusoma iliyofanyika mwaka 2013 ilionyesha kwamba ni karibu asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili waliofikia kiwango cha kusoma kwa ufahamu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015, uliosisitiza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa kuanzia na sauti za herufi, ulikuwa sehemu ya mwitikio kwa hali hiyo. Ulirudisha mkazo mahali panapostahili. Lakini njia ya sauti hufundisha kufungua neno, na neno likishafunguliwa lazima ndani yake mkutwe kitu ambacho mtoto anakijua. Ikiwa silabi nazo zitaimbwa kwa pamoja kama yalivyoimbwa maneno, mtaala utakuwa umebadilika na darasa limebaki lilelile.

Kwa kawaida mtoto hugunduliwa anapolazimika kuwa peke yake: anapoitwa kusoma mbele ya mpimaji, au katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao hufanywa kwa maandishi na hauna jirani wa kumwegemea. Hapo huitwa mzito. Ukweli ni kwamba kwa miaka 3 au 4 hapakuwa na swali hata moja lililomwelekea yeye.

4.0 Kitendawili kama kielelezo cha swali

Isieleweke kwamba kuitikia kwa pamoja ni kosa kwa asili yake. Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya kuitikia. Fanani hufungua hadithi kwa “Paukwa!” na hadhira hujibu “Pakawa!”, na kiitikio hicho hukusanya masikio. Ila hakuna fanani anayedhani kwamba aliyesema “Pakawa” ameielewa hadithi ambayo bado haijasimuliwa. Kasoro ya darasani ni kuchukua chombo cha kukusanya masikio na kukifanya kipimo cha maarifa.

Kitendawili kinaonyesha mpangilio bora zaidi. “Kitendawili!” huitikiwa na wote kwa “Tega!” Hapo kiitikio kimekwisha kazi yake. Fumbo hutolewa, kisha kunafuata kimya, na katika kimya hicho kila mmoja hufikiri peke yake. Majibu hutolewa na mtu mmojammoja, na jibu lisilo sahihi halimalizi mchezo. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji: hupewa Bunda au Musoma, husema amekwenda huko na kurudi, kisha hulitoa jibu. Aliyeshindwa amelipa mji ambao hakuwa nao, na anayo haki ya kutega kitendawili kinachofuata.

Yapo mambo mawili hapa ambayo ualimu wa kisasa umeyafikia kwa njia ndefu. La kwanza ni kimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kwa wastani kama sekunde 1 baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na watoto waliokuwa kimya huanza kusema. Kwa mtoto anayelazimika kulitafuta jibu kwa Kijita na kisha kulivika Kiswahili, sekunde hizo ni za lazima. La pili ni kushindwa bila aibu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 huruhusu viboko visivyozidi 4, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Kukosea swali si miongoni mwa makosa hayo. Lakini mahali fimbo inapokaa mezani wakati wa somo, mtoto hasomi kanuni. Hutazama fimbo, naye hujificha ndani ya sauti ya wengi.

5.0 Kinachowezekana darasani

Badiliko la kwanza halihitaji fedha. Mwalimu anaweza kulihamisha tuo la swali. Badala ya kukatiza ndani ya neno, akatize kabla ya kitenzi: “Kitabu hiki…” Mtoto atakayesema “kimeanguka”, “ni changu” au “kina picha” ametoa neno lake mwenyewe, na kiambishi alichochagua kinamwonyesha mwalimu ni kiasi gani cha sarufi kimeshika. Mtoto wa Kizanaki atakuwa na wepesi fulani hapa, kwa kuwa mantiki ya upatanisho anayo. Mtoto wa Kijaluo atahitaji mifano mingi zaidi kabla ya kuulizwa.

Pingamizi linalotolewa na walimu ni la hesabu, na ni la haki. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Watoto 100 wakijibu mmojammoja kwa sekunde 20 kila mmoja, zitahitajika zaidi ya dakika 33 kwa swali moja. Hakuna mwalimu anayeweza kufanya hivyo. Lakini watoto hao wakigeukiana wawiliwawili juu ya madawati yao na kuambiwa, “Mwambie jirani yako kwa nini mbuzi hakuvuka mto,” watoto 50 watakuwa wanazungumza kwa wakati mmoja, na dakika 1 itatosha wote kusema. Baada ya hapo mwalimu akiita majina matatu au manne, aliyeitwa amekwisha kulijaribu jibu lake mbele ya mtu mmoja. Katika dakika ile ya wawiliwawili Kijita kitasikika, na Kizanaki pia. Hapo ndipo walimu wengi husita, kwa sababu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika elimu ya awali na ya msingi, na desturi ya shule imeongeza marufuku ambayo sera haikuitaja. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, kwa upande wake, ilihimiza jamii kuendelea kuzitumia na kujivunia lugha zao. Mtoto anayefikiri kwa Kizanaki na kujibu kwa Kiswahili hajavunja sera yoyote kati ya hizo mbili.

Ugumu ulio mkubwa zaidi ni kwamba walimu hupangwa kitaifa. Mwalimu aliyetoka Lindi au Mbeya hawezi kutarajiwa kujua Kiikizu anapofika Bunda. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Mara kuanzia mwaka 2015, ulijaribu njia nyingine: watu wa kijijini hapohapo walifunzwa kuwaandaa watoto ambao hawakupata elimu ya awali, kwa hadithi na michezo, kabla ya darasa la kwanza. Mtu huyo alikijua Kiswahili na aliijua lugha ya nyumbani, kwa hiyo alisikia tofauti kati ya mtoto asiyejua jambo na mtoto asiyejua neno.

Leo nafasi ya kuyajadili mambo haya ipo katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambayo huwakutanisha walimu wa shule moja katika jumuiya ya kujifunza. Kikao cha namna hiyo kinaweza kuanza na kazi ndogo: mwalimu mmoja aketi nyuma ya darasa la mwenzake kwa kipindi kimoja, akiwa na kalamu na karatasi, na kila swali liulizwapo aandike tu ni silabi ngapi za jibu zilizotamkwa na mwalimu na ni ngapi zilizotamkwa na mtoto aliye peke yake. Karatasi hiyo isipelekwe kwa mwalimu mkuu wala kwa mthibiti ubora. Isomwe na walimu wawili hao, kisha wabadilishane madarasa.